Walisema Nanunua Miaka ya Watu

Ninyi mnaokuja kwangu siku hizi, mmekubaliwa kusoma masta ya uchumi wa afya, swali lenu ni moja tu: Mama Hadija, hesabu zake ngumu? Hesabu si ngumu. Hesabu iko kwenye kitabu inakungoja, haina mume, haina shemeji, haikwambii urudi kesho. Kigumu ni watu. Mimi nilianza masomo hayo nina miaka arobaini na kitu, nina watoto wanne, na hakuna aliyenionya. Kaeni basi niwaonye. Si hapo, hapo nimeanika muhogo.

Nilikuwa muuguzi hapa Rumonge, kando ya ziwa. Baadaye daktari mkuu aligundua kwamba kwenye zamu zangu mablanketi hayapotei, akanifanya jestionere, yaani mtu wa kugawa kidogo kilichopo kwa wengi waliopo. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu. Katikati yake ndipo nilipokwenda kusoma, na sikwenda kwa kupenda vitabu. Nilikwenda kwa sababu ya Zaituni na wenzake.

Zaituni alikuwa anakaa Minago, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya michikichi. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu, akacheleweshwa nyumbani, akafikishwa kwetu kwa pikipiki mtoto ameshakufa tumboni. Yeye alipona, lakini alibaki na tundu. Hospitalini tunaiita fistula: mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku, na mwenyewe hana la kufanya. Mumewe alikaa kidogo, halafu akakumbuka kwamba ana shughuli Nyanza-Lac. Shughuli hizo hazijaisha hadi leo.

Ugonjwa huu unashonwa. Daktari bingwa alikuwa anakuja pwani hii mara moja kwa mwaka, anashona wanawake, anaondoka. Zaituni alikuwa ameahidiwa zamu msimu uliokuwa unakuja. Ndipo wafadhili wakaanza kuuliza kama safari hizo zina faida. Wanawake wenyewe ni wachache, walisema, na fedha hizo zingenunua vyandarua vingi. Waende kushonwa bara. Msiniambie wangeweza kwenda. Panda basi kutoka Minago hadi milimani huku unalowa, umebanwa na watu kulia na kushoto, halafu urudi uniambie. Daktari asipokuja, Zaituni hashonwi, basi.

Safari zikasimamishwa, kamati ya hospitali ikaambiwa ilete sababu za kisomi. Tulipoulizana nani anajua kuandika sababu za kisomi, kila mtu alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimevaa kandambili, sikuwa na cha kutazama.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta darasani Bujumbura, mkubwa kuliko wote isipokuwa Profesa Melchior, msimamizi wangu, na yeye alinizidi kidogo sana hata akawa ananiwahi kunisalimu, amahoro. Wenzangu walikuwa vijana waliotoka moja kwa moja fakilte, kwenye digrii ya kwanza. Waliniita Mama, na wakati wa mtihani walikaa mbali nami wakidhani nitawaangalizia. Kwa macho niliyokuwa nayo, hata wangenigeuzia karatasi nisingeona kitu.

Jambo la kwanza utakalofundishwa ni kwamba mgonjwa haitwi mgonjwa. Anaitwa mtumiaji wa huduma. Mtu amelala na malaria, anatapika kwenye beseni, wewe unaandika kwamba mtumiaji amefanya uchaguzi. Nilimuuliza Profesa, uchaguzi gani? Akasema, "Andika tu, Mama, tutalikosoa mwaka wa pili." Na kweli, mwaka wa pili tulilikosoa. Profesa Melchior alikuwa mtu wa ahadi.

Sasa swali lenyewe, maana memwari yangu, tasnifu ile ya masta, yote ilikuwa swali moja. Fani hii ina njia ya kupima uzito wa ugonjwa. Unamwendea mgonjwa unamwambia: tuseme umebakiza miaka kumi ya kuishi na ugonjwa huu. Na tuseme iko dawa ya kukuponya kabisa, ila ukiinywa hutaishi hiyo kumi yote. Utakubali kutoa miaka mingapi, ili hiyo inayobaki uishi mzima? Anayetoa mwaka mmoja, ugonjwa wake ni mwepesi. Anayetoa mitano, mzito. Darasani tulijaribishana wenyewe kwa wenyewe na kila mtu alijibu vizuri, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Profesa alinipa sharti. Nisiulize wenye fistula peke yao, niulize na wenye magonjwa mengine, maana uzito hauonekani mpaka uweke kitu upande wa pili. Nikikuta fistula ni nzito kweli, kamati itakuwa na cha kuwaambia wafadhili. Nikashuka Rumonge na maswali yangu wakati wa mbalamwezi. Shikeni hilo. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huvuliwa kwa taa kwenye giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanabaki nyumbani, wamelala vya kutosha na hawana la kufanya. Kwa mtu wa kuhoji ni neema. Kwa wake zao sijui.

Kitabu kinasema mhojiwa awe peke yake. Aliyekiandika hajafika Rumonge. Nilianza na Mzee Rajabu, mvuvi aliyeharibika kiuno. Alinipokea barazani, na kabla sijakaa walikuwa wameshakaa mke wake, majirani, na fundi wa nyavu ambaye alikuwa anapita tu. Nikasoma swali langu lote, taratibu.

"Hiyo miaka nani anapokea?" akauliza Mzee Rajabu.

"Hakuna anayepokea, baba. Ni mfano."

"Mimi nitoe, halafu hakuna mutu wa kupokea? Inaanguka ziwani?"

"Tuseme tu, baba."

Akafikiri. Watu wetu mnawajua, hawatoi kitu bila kupatana, hata chumvi. "Haya, anza wewe," akasema. "Unataka ngapi?"

"Mimi sitaki kitu. Labda... miwili?"

"Miwili!" Akawageukia majirani. "Munasikia? Kwa kiuno!" Akanirudia mimi. "Miezi mitatu. Na Ramadhani isiwe ndani."

"Baba, mimi si mnunuzi."

"Basi mulete mwenye kununua tuongee naye. Wewe unatuchelewesha bure."

Mke wake, Bi Asha, alikuwa anachagua mchele. "Toa mitano, mume wangu," alisema bila kuinua uso. "Hiyo mitano mingine itatutosha."

Kosa langu liko wapi? Nilitaja miwili. Ukishataja namba ya kwanza kwenye pwani hii, mazungumzo ya afya yamekwisha, mko sokoni. Mtu hatakwambia tena ugonjwa wake una uzito gani, atakwambia anavyotaka kukushusha. Kila jibu nililopata siku hiyo lilikuwa dogo namna hiyo, na nilipoyatazama jioni nikaona watu wa Rumonge ni wazima kuliko watu wote duniani. Nikayachana, nikaanza upya kesho yake. Siku hizi mnahoji kwa simu, jibu linaruka moja kwa moja mpaka Bujumbura, lakini mdomo wa kutaja namba ya kwanza bado ni wenu. Ufungeni.

Ila maneno yalikuwa yameshatembea. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulijua kwamba Mama Hadija ananunua miaka ya watu. Wapo waliofunga milango wakisema nimetumwa na tajiri fulani mwenye maboti, asiyezeeka. Wapo waliokuja wenyewe. Mama mmoja alinifuata hadi jikoni kwangu, akaketi, akanywa chai, ndipo akasema, "Dada, mimi sina ya kuuza. Lakini mume wangu iko nayo mingi na haitumii." Nikamwambia hatununui. Akasema, "Hata kwa bei ya chini?" Imamu wetu naye aliniita kwa adabu, akataka kujua nasoma kitu gani huko Bujumbura. Nikamweleza yote, tangu mtumiaji wa huduma hadi ile dawa ya mfano. Akaniuliza kama chuo kinanipa chakula.

Kijijini Kizuka nilimhoji Mwalimu Yohana, mwenye pumu, mmoja wa waliorudi kutoka Tanzania baada ya kukaa huko kambini miaka na miaka. Kwanza alinisahihisha Kiswahili changu, kama anavyomsahihisha kila mtu wa Rumonge. Halafu akalisifu swali, akasema limetungwa vizuri. Halafu akasema yeye hana cha kutoa. "Mimi miaka yangu nilikwisha kuitoa, mama. Ujana wote, kule. Na sikupona hata mafua. Andika hivyo." Niliandika. Kompyuta haikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo, lakini niliandika.

Kwa wenye fistula nilikwenda mwisho, nikiwa nimeshakuwa mzoefu na mwenye vumbi. Wengi wao walinijibu kwa sauti ya chini na haraka, tofauti kabisa na wenye viuno. Zaituni nilimkuta Minago, anauza ndagala mlangoni kwake. Kigoda chake alikiweka mbali na meza, upande ambao upepo wa ziwa hauwapelekei wateja harufu. Wateja walikuwa wanachukua wenyewe, wanaacha hela, wanakwenda. Katika watu wote niliowahoji kwenye pwani hii, yeye ndiye niliyemkuta peke yake kama kitabu kinavyotaka.

Nikasoma swali. Hakuuliza nani anapokea. Hakuniambia nianze mimi.

"Yote," akasema.

"Zaituni, ukitoa yote maana yake unakufa siku hiyo hiyo."

"Hesabu najua, Mama Hadija, nauza ndagala. Andika yote."

Niliandika, nikamuaga, nikapanda pikipiki, nikalia njia nzima hadi Rumonge. Dereva alidhani ni vumbi, akapunguza mwendo.

Profesa Melchior alipopitia majibu yangu alipiga kalamu mstari kwenye jibu la Zaituni, na kwenye ya wenzake wengi waliosema kama yeye. Si kwa ubaya. Fani ina kanuni: anayekataa kutoa hata siku moja, na anayetoa yote, wote wawili wanaondolewa, kwa kuwa inadhaniwa hawakuelewa swali. Nikaona itakavyokuwa. Ukiwaondoa hao, wanaobaki ni wale wanaolowa kidogo, na kamati itasoma kwamba fistula ni kama kiuno cha Mzee Rajabu. Vyandarua vitanunuliwa. Daktari hatakuja. Zaituni atakaa kwenye kigoda chake mpaka Mungu amchukue.

Nilimwambia Profesa maneno ambayo mwanafunzi hamwambii profesa, na sikuyasema kwa Kifaransa. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Mama," akasema, "hasira yako nimeiona, lakini siwezi kuiweka kwenye jedwali. Rudi ukamuulize kwa nini. Ukiniletea sababu, jibu linabaki, na mimi nitakuja kusimama nalo mbele ya kamati."

"Na nisipoipata?"

"Basi litatoka, na utanichukia. Wengi wananichukia, mshahara wangu unakuja tu."

Nilimchukia hadi kituo cha basi. Baadaye nikaelewa. Profesa mzuri hakukubalii wala hakukatalii. Anakurudisha Minago.

Safari hii sikubeba karatasi. Nilibeba sukari, nikaketi chini karibu na kigoda, na kwa muda mrefu tuliongea habari za watu, nani kaolewa, nani karudi kutoka Uvira na mimba. Hilo nalo lishikeni, msiulize chochote kabla hamjaongea habari za watu. Kisha nikasema, "Zaituni, wewe kwa nini ulinipa yote? Wenye viuno wote walipatana."

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wa shule. "Harusi ya mtoto wa Bi Mwavita ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulikaa wapi?"

"Kwenye mkeka, na wenzangu."

"Uliinuka saa ngapi?"

"Sijui. Walipotuita kula."

"Eeh. Hujui." Akafukuza nzi kwenye ndagala. "Mimi tangu mtoto wangu afe sijakaa kwenye mkeka wa mutu. Nikialikwa natuma zawadi. Dada yangu alizaa mapacha Muhuta, nimewaona kwenye simu. Hiyo miaka unayoniomba, Mama Hadija, siyo yangu. Inapita tu hapo nje. Ingekuwa yangu, ningepatana na wewe mpaka jua lizame."

Nilimpelekea Profesa maneno hayo kama yalivyo. Aliyasoma, akatoka nje, akarudi. "Huyu ameelewa swali," akasema. "Linabaki. Na wenzake wanabaki."

Alitimiza ahadi, alishuka mwenyewe hadi Rumonge siku ya kamati, na koti, kwenye joto lile. Tulionyesha majedwali. Yalikuwa safi, niliyachora mimi. Bwana aliyetumwa na wafadhili, kijana mpole, aliuliza lile lile: hawa wanaotoa miaka yote, kweli walielewa? Profesa akaeleza kanuni, akaeleza kwa nini hapa haifai, akaeleza vizuri sana, na nikaona macho ya wajumbe yanaanza kuwa mazito. Nikaomba neno.

"Bwana," nikasema, "mimi nikuulize wewe. Umebakiza miaka kumi. Unalowa usiku na mchana. Mke wako amepata shughuli Nyanza-Lac. Hujakaa na watu tangu hapo. Iko dawa. Utatoa mingapi?"

Akafungua mdomo. "Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

Akatazama jedwali, akatazama ziwa dirishani. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, daktari akija anahitaji vitanda vingapi. Nilimpenda kijana yule papo hapo, na nawaambia wazi, nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka mimi ni jestionere.

Daktari alikuja. Alishona wanawake wa msimu ule, na Zaituni alikuwa mmoja wao. Sitawadanganya, si wote wanaoshonwa wanapona. Wengine tundu linafunguka tena na inabidi wasubiri tena. Na mimi nilikuwa Bujumbura kwenye mitihani, nilipata habari vipande vipande. Mmoja alisema Zaituni bado ana mpira wa mkojo. Mwingine alisema ametolewa mpira na amerudi kwao amenyamaza. Mwingine alisema hakumbuki Zaituni yupi.

Na nilikuwa namhitaji. Sheria ya kazi yangu ilikuwa kuuliza kabla ya kushonwa na kuuliza tena baadaye, swali lile lile. Profesa alikuwa ameshaniambia: bila jibu la pili, lile la kwanza linabaki nusu, na majaji wa memwari watalirukia. Wenzake Zaituni niliwapata, wakanijibu, baadhi yao wakipatana kwa ukali. Nikamwacha yeye mwisho tena. Nilikuwa naogopa. Kama hakupona, ningemuuliza nini?

Nilifika Minago asubuhi. Nyumba ya mwisho ilikuwa kimya na mlango una kufuli. Meza ya ndagala haikuwepo. Miaka yote niliyopita pale sijaona kufuli kwenye mlango ule, nikagonga hivyo hivyo. Jirani alitokea na ndoo yake.

"Unamtafuta Zaituni? Huyo!" Akatua ndoo kwa hasira. "Huyo hakai nyumbani sasa. Juzi alikuwa Muhuta kwa dada yake. Akarudi, kukicha kapanda basi, ati Bujumbura kuona jiji. Jana kulikuwa na maulidi Kizuka, kaenda, kalala huko huko. Ndagala zake ananiachia mimi niuze. Mimi nina watoto! Ukimuona mwambie."

Nikamwambia nikimuona nitamwambia. Nilirudi Minago tena wiki ile, na tena baadaye, asubuhi na jioni. Kufuli.

Siku ya kutetea memwari, jaji mmoja mwenye sauti nzito alisimama kwenye ukurasa wa Zaituni, akaugonga kwa kidole.

"Madamu, huyu ndiye mhojiwa uliyemtetea kuliko wote. Lakini jibu lake la pili silioni."

"Halipo, mheshimiwa. Hayuko nyumbani."

"Ulirudi kumtafuta?"

"Nilirudi sana. Hayuko nyumbani."

Akatikisa kichwa, akaandika kitu, na alama wakanikata. Profesa Melchior alikuwa ameinama anafuta miwani yake, anafuta, haimalizi. Mimi niliinuka nikawaambia majaji murakoze, asanteni, nikaketi tena huku machozi yananitiririka, na jaji yule akaniambia kwa huruma nisilie, alama alizokata ni chache tu.